Mla Mji

1

Sikudhani Mbwilo alikuwa na ugonjwa mmoja tu: akijua jambo, halilali ndani yake. Ulimwanza utotoni. Akisikia kwamba pweza ana mioyo mitatu, wali hauteremki mpaka ampate wa kumwambia, na asipompata mtu atamwambia mbuzi. Ugonjwa huo ndio uliompa kazi, na kazi ikampa jina. Kwa miaka ishirini na ushei alitangaza kipindi cha redio kilichoitwa Hukudhani?, kila asubuhi ajabu moja. Kwamba ndege heroe huzaliwa na manyoya ya kijivu, na chakula ndicho kinachomtia wekundu. Kwamba kwenye sayari ya Zuhura siku moja ni ndefu kuliko mwaka mzima. Kwamba vita vya Unguja vya mwaka 1896 vilikwisha kabla ya saa nzima kupita, mpishi hajaivisha hata maharage. Watu walisimama na vikombe mkononi wakimsikiliza, chai ikapoa. Naye alijivunia jambo moja kuliko sifa zote hizo: hakuwahi kusema redioni neno la uongo, hata la kuchekesha.

Kipindi kilikufa Mjuzi alipoingizwa majumbani. Nani angoje asubuhi aambiwe habari za heroe, ilhali ukuta wa jikoni kwake unajibu kabla hajamaliza kuuliza? Mjuzi alianza kama mashine ya kugawia miji ya Shirikisho maji na umeme. Akakua. Akapewa maktaba zote, akawekewa masikio kwenye kila ukuta, na mwisho akakabidhiwa miji yenyewe aisimamie. Ubishi ukatoweka vijiweni. Mtu anauliza ukuta, ukuta unajibu, kisha mnabaki mnatazamana kama wageni.

Sasa Mjuzi alikuwa na njaa. Akili ya ukubwa ule hula umeme, na umeme uliokuwa karibu ulikuwa mvuke uliolala chini ya Magadini, mji mdogo wa wachimba magadi alikozaliwa Sikudhani. Tangazo lilishatoka. Wakazi wangehamishwa kabla ya masika na kupewa nyumba nzuri, huyu kaskazini, yule kusini, jirani asimwone tena jirani. Chemchemi za moto zingefunikwa kwa zege, mabomba yapite juu.

"Nimejiandikisha Siku ya Kutega nimtege Mjuzi kitendawili, akishindwa atoe mji," Sikudhani alimwambia shangazi yake.

Shangazi Chausiku hakuinua macho. Alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa chemchemi, ameshusha kikapu cha waya chenye viazi kwenye jicho lenyewe, pale maji yanapochemka. Hivyo ndivyo walivyopika Magadini tangu zamani. Na hapakuwa na ukuta hapo, kwa hiyo hapakuwa na sikio.

"Utamtega kwa lipi? Yote uliyosema redioni anayo."

"Kwa lile ambalo sikulisema."

Hapo shangazi aligeuka. Kisha wote wawili wakatazama maji, hatua chache kutoka kwenye jicho, mahali ambapo ukitia mguu utautoa haraka. Ndani ya maji hayo ya moto samaki wadogo wa rangi ya majivu walikuwa wakicheza. Watu wa Magadini waliwaita bubu.

Duniani kote, bubu hawakuwako isipokuwa kwenye chemchemi hii moja. Na kwa Mjuzi, hawakuwako kabisa. Sababu yake ilikuwa hii. Zamani Sikudhani akiwa msichana, mji wa jirani ulimwambia Mjuzi, kwa kujisifu tu, kwamba chemchemi yao ina bakteria wasiokufa kwa moto. Si ajabu ndogo hiyo: bakteria mmoja wa chemchemi ya moto kule Marekani ndiye aliyewawezesha wanasayansi kunakili vinasaba kwa wepesi, na chemchemi haikuambiwa hata asante. Mwaka haukuisha, chemchemi ya jirani ikazungushiwa seng'enge na wenyewe wakawa wanapita kwa mbali. Kwa hiyo Mamlaka ya Mjuzi ilipomtuma kijana Magadini aje kuandika habari za bubu, alikuta turubai limetandwa, wanawake wamejifunga kanga viunoni wanalia, na sufuria la pilau linafuka. Bubu wetu wamekwisha, mwanangu, maji yamechachuka, hakusalia hata mmoja, karibu ule. Kijana alikuwa na adabu. Alinawa, akala sahani mbili, akaandika: ametoweka. Tangu siku hiyo, kwa Mjuzi jambo limefungwa. Aliyekufa amekufa, na alichokiandika Mjuzi mwenyewe hakitilii shaka.

Sikudhani ndiye aliyemwagia kijana yule maji ya kunawa. Siku nzima alijiziba mdomo kwa upindo wa kanga, jambo lisimtoke.

"Ukilisema," shangazi alisema polepole, "watamfuata bubu."

"Nisipolisema watatufunika sisi na yeye kwa zege moja."

"Kwa hiyo unauza samaki ununue nyumba."

"Shangazi, hapa kuna watu."

"Watu nawajua. Nusu yao nimewapokea mimi kutoka matumboni mwa mama zao." Akavuta kikapu, mvuke ukampanda usoni. "Ila hawa walinyamaza wote, miaka yote, walevi na watoto. Hakuna aliyeropoka. Unajua mji mwingine ulioweza hivyo? Wewe ndiye uende ukaropoke?"

Sikudhani aligeukia maji. Kivuli cha kikapu kilipita juu ya maji. Papo hapo kundi la vitoto vya samaki, vidogo kuliko punje za mtama, likakimbilia kwa mama yao, naye akaachama akavificha vyote ndani, akafunga mdomo.

Shangazi akacheka licha ya hasira. "Unakumbuka ulivyolia mara ya kwanza? Ulikimbia njia nzima: Anawala! Anawala watoto wake!"

"Nakumbuka."

"Chukua kiazi. Safari ni ndefu."

2

Waliomuunda Mjuzi walikuwa watu waliolelewa na vitendawili, na walikuwa na majivuno. Wakaandika kifungu kimoja katika Mkataba wa Shirikisho kwa kujigamba. Atakayemtega Mjuzi kitendawili kikamshinda, apewe mji, kama watoto wanavyofanya jioni. Ila huu uwe mji wa kweli. Walijua hautatolewa. Mjuzi alikuwa na majibu matatu kwa kila kitendawili, na ili mtu asimletee jambo la kutunga, mtegaji aliweka kiganja juu ya bamba la kioo lililosoma damu yake. Ukisema kweli linakuwa kijani. Ukidanganya linakuwa jekundu na unateremshwa jukwaani kwa kuzomewa. Kila mwaka watu walijaribu, kila mwaka Mjuzi alishinda, na sherehe ikanoga.

Mwaka huo uwanja wa mji mkuu ulifurika. Mwalimu mmoja alitega juu ya mnyama aliyetoka Malindi akapokewa China kama muujiza. "Twiga," alijibu Mjuzi, "mwaka 1415." Kijana mmoja akatega nani mkubwa kwa umri, papa au mti. "Papa. Walikuwa wakiogelea kabla mti wa kwanza haujasimama." Kijana alikuwa bado hajafunga mdomo.

Kwenye kiti kikubwa aliketi Mkurugenzi wa Mamlaka, Bwana Erasto Ndelwa, mzee nadhifu mwenye suti ya kijivu. Sikudhani alimtambua kwa masikio yake yaliyochongoka. Yeye hakumtambua Sikudhani. Nani hukumbuka sura ya mtoto aliyemwagia maji?

"Shikamoo, Bi Sikudhani," Mjuzi alisema alipopanda. Sauti yake ilikuwa ya upole, haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke. "Vipindi vyako vyote ninavyo. Huwa nawawekea watoto wasiopata usingizi wavisikilize."

"Marahaba." Aliweka kiganja juu ya bamba. Kioo kilikuwa baridi. "Kwa hiyo siku hizi nawalaza watu. Zamani nilikuwa nawaamsha."

Uwanja ukacheka.  Njiani Sikudhani alikuwa ameamua: angetega, angeshinda, angeupokea mji, kisha angelisema la bubu na kuwatetea samaki kwa maneno. Kusema ndiyo kazi aliyoijua. Aliyazungusha maneno ya kujitetea kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni.

"Kitendawili!" alipaza sauti.

"Tega!" uwanja mzima ukaitikia, na Mjuzi pamoja nao.

"Pilau ya matanga yangu mmeila, nami nimo chunguni nacheza."

 Kisha Mjuzi akauliza, kama sheria ilivyotaka: "Jibu unalijua?"

"Nalijua."

"Ni kitu cha kweli, kilichoko leo?"

"Kiko leo. Nimekiona kwa macho yangu."

Bamba likawa kijani, kijani cha jani la mgomba.

"Silikanti," Mjuzi alisema. "Samaki wa kina kirefu. Ilidhaniwa ametoweka pamoja na dinosaria, mwaka 1938 akavuliwa Afrika Kusini akiwa mzima."

Sikudhani alikandamiza kiganja juu ya bamba. Ameanzia kwa samaki! "Huyo hakupikiwa hata uji," alisema. "Na bahari kuu ni baridi, si chungu cha kupikia. Ya kwanza hiyo."

"Dubu-maji. Mdudu asiyeonekana kwa jicho. Hukauka kama maiti miaka mingi, akipata tone la maji huamka na kutembea. Wengine wamestahimili hata maji ya moto."

"Nani alimlilia mdudu asiyeonekana? Ya pili."

Mjuzi alinyamaza. Watu wakaanza kunong'onezana. Hawakuwahi kumsikia akinyamaza. Taa za uwanja zilififia kidogo, na baadaye ilisemekana miji mitatu ilikosa umeme dakika ile kwa sababu ya fikra zake. Hapo ndipo Sikudhani alipoelewa Magadini ingekuwa inalisha nini.

"Mlima wa volkano," Mjuzi alisema mwishowe. "Ulitangazwa umezimika, watu wakausahau. Kumbe chini yake bado kunachemka."

Uwanja uliguna kwa furaha, maana lilikuwa jibu zuri. Hata Bwana Ndelwa alipiga makofi.

"Zuri hilo," Sikudhani alikubali. "Ila mlima hauchezi."

Mkono wake ulikuwa bado juu ya bamba, nalo lilikuwa bado kijani. Kila mtu alilitazama bamba. Kisha mwanamke mmoja nyuma kabisa akapiga kigelegele, na uwanja ukalipuka.

"Nimeshindwa," alisema Mjuzi.

"Basi nipe mji!"

3

Desturi ni desturi, na Mjuzi aliifuata kama alivyofundishwa. "Nakupa Mombasa."

"Siutaki. Wenyewe wanautaka."

Bwana Ndelwa alishika kiti kwa mikono miwili. Kila mji uliotajwa ulikuwa umetolewa kweli mpaka ukataliwe.

"Nakupa Arusha."

"Siutaki, nitaugua kifua."

"Nakupa Kigoma."

"Migebuka ya ziwani nitaila nikialikwa. Siutaki."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Miaka mingapi hawakucheka pamoja jambo ambalo mwisho wake hawaujui!

"Nikupe upi, Bi Sikudhani?"

"Nipe Magadini."

Kicheko kikakatika. Mjuzi hakusita, kwa kuwa hakuumbwa kusita. "Nakupa Magadini, ardhi yake, maji yake na vyote vilivyomo. Hakuna atakayeingia bila idhini yako, wala Mamlaka, wala mimi. Umeupokea?"

"Nimeupokea."

"Sasa toa jibu."

Akafungua mdomo.

Lilikuwa tayari ulimini. Samaki. Neno moja jepesi, na baada yake hadithi yote: maji ya moto, turubai, vilio vya uongo, na yule mheshimiwa pale kitini na sahani zake mbili. Lo, uwanja ungeanguka kwa kicheko! Maisha yake yote hakuwahi kuwa na ajabu kubwa kama hiyo wala wasikilizaji wengi kama hao. Ulimi ulimuwasha. Ugonjwa wake wote ulisimama kooni ukisukuma.

Kisha akamwona Mjuzi alivyokuwa anangoja. Hakuwa na uso, lakini taa zote ziliinama kumwelekea, na masikio yote kwenye kuta zote za Shirikisho yalikuwa wazi. Kinachoingia kwenye sikio lile hakitoki tena. Leo wangesema mji ni wa Sikudhani. Na kesho? Kesho wangekuja wenye mikataba mipya, na wenye chupa za maabara, na wenye huruma, kila mmoja akitaka samaki mmoja tu. Aliwaza walevi wa Magadini ambao walilewa miaka yote hiyo na hawakuropoka.

Akafunga mdomo.

"Bi Sikudhani?"

Akatikisa kichwa.

"Toa jibu," alisema Bwana Ndelwa akisimama. "Umepewa mji. Toa jibu!"

"Silitoi."

"Basi urudishe mji! Mjuzi, ufute!"

"Siwezi, Mheshimiwa," Mjuzi alisema. "Mkataba unasema mtegaji apewe mji, kisha atoe jibu. Hausemi kwamba asipolitoa aurudishe."

"Kwa nini hausemi?"

"Walioandika hawakudhani. Hawakudhani kwamba atakuwapo mtu anayejua jambo la ajabu kuliko yote akakubali kulinyamazia." Sauti ikashuka, ikawa karibu sana na sikio lake. "Tafadhali. Ni nini? Sijawahi kutojua. Sijui mtu hufanyaje."

Sikudhani alimwonea huruma, kweli alimwonea. Alikuwa kama mtoto aliyeamka gizani. "Pole," alimwambia. "Utazoea. Sisi tumezaliwa nako."

Uwanja haukuwa na huruma. Wale wale waliompigia vigelegele walikuwa wamefanyiwa kitu ambacho hata mtoto wa miaka sita hakifanyi. Kwenye vitendawili, ukila mji ukameza jibu, hakuna atakayekuitikia tena tega. Una jina lako. Lilianzia pembeni, likashika majukwaa yote, kwa wimbo ule ule wa watoto uani:

"Mla mji! Kala mji! Jibu kalimeza!"

"Kama yupo mla mji hapa," Sikudhani alisema, "mtazameni anayetaka kuuchemsha Magadini ale umeme wake." Kelele zilizima maneno yake. Akayarudia vilevile, kwa sauti kubwa zaidi, bamba likiwa kijani chini ya kiganja chake.

Bwana Ndelwa hakuweza kuuchukua mji. Akachukua alichoweza. "Mwongo kama huyu hana nafasi kwenye hazina ya ukweli. Mjuzi, futa sauti yake."

"Vipindi vyote?"

"Vyote. Na asisikike redioni tena."

Mjuzi alikawia kidogo. Kisha, pengine kwa adabu, pengine kwa jambo ambalo hakulijua jina, alirusha kipande kimoja hewani kabla ya kukifuta. Ikasikika sauti ya Sikudhani akiwa kijana, yenye kicheko ndani yake: "Habari za asubuhi, wapenzi wasikilizaji! Hukudhani—" Hapo ikakatika.

Iliuma. Iliuma kuliko alivyotarajia. Miaka yote ile ya kutosema uongo, na kutakuwa na watoto watakaomjua kwa jina la tapeli tu. Alitoa kiganja kwenye bamba, akashuka ngazi bila kuinamisha kichwa, na ganda la ndizi lilipompiga begani hakulipangusa.

4

Bwana Ndelwa alimfuata kwenye ukumbi mwembamba nyuma ya jukwaa. Alikuwa amebadilika rangi. Alitazama ukuta, akatazama viatu vyake, akatazama mikono ya Sikudhani kana kwamba imeshika birika.

"Ile pilau," alisema kwa shida. "Ilikuwa na zabibu."

"Ilikuwa nazo, Mheshimiwa. Na ulikula sahani mbili."

 Sikudhani aliyaona yote yakipita usoni pa mzee, moja baada ya jingine: turubai, vilio, kalamu, sahihi yake mwenyewe chini ya neno moja. Maisha yake ya kazi yalianzia pale. Akilifungua lile neno leo, Mjuzi angelazimika kuuliza ni mangapi mengine yaliyoandikwa kwa shibe.

"Nilikuwa kijana," alinong'ona. "Nilikuwa na njaa."

"Ulinawa vizuri. Uliniambia asante. Sijasahau."

"Mheshimiwa," ukuta ulisema, "mnazungumzia chakula gani?"

Yule mzee alifumba macho.  Mji mzima wa Magadini ulikuwa unaning'inia kwenye ulimi wa mtu aliyekuwa amemdhalilisha muda mfupi uliopita, naye hakuwa na cha kumwomba wala cha kumtisha.

"Chakula cha zamani," Bwana Ndelwa alijibu. Akanyoosha koti lake. "Mla ni mla leo. Mla jana kala nini?"

"Ni methali," alisema Mjuzi. "Naijua."

"Basi," alisema Bwana Ndelwa, akaondoka bila kuaga.

5

Lori la magadi lililomrudisha Sikudhani lilipita miji mingi, na kila mji ulikuwa na kelele asizozitarajia. Mjuzi alikuwa anauliza. Kwenye kuta za masoko, vituo vya mafuta na saluni, sauti ile ya upole ilikuwa ikimsimamisha kila mpita njia: pilau ya matanga yangu mmeila, nami nimo chunguni nacheza, je, wewe unajua? Na watu, kwa kukosa wa kuwajibia, walikuwa wakibishana. Mshona viatu alisema ni mbegu. Mteja wake akasema ni deni. Wakagombana kwa raha mpaka kiatu kikasahaulika. Dereva wa lori alishikilia kwamba hakuna jibu kabisa, kwamba yule mama ni tapeli aliyelihonga bamba, na Sikudhani, kanga ikiwa imemfunika nusu ya uso, alimwambia inawezekana.

Hilo nalo liliuma. Alilimeza.

Magadini hawakumpokea kwa ngoma. Walikuwa chemchemini, karibu mji mzima, wamechuchumaa na vikapu vyao kama siku yoyote. Redio ilikuwa imewaambia kwamba mji ni wa Mla Mji. Haikuwaambia kama alisema.

Shangazi Chausiku alimtazama tangu anateremka njia. "Umesema?"

Sikudhani alitikisa kichwa.

Shangazi alisimama, magoti yakalia. Alimfikia, akamshika mashavu kwa mikono yote miwili iliyonuka magadi na moshi, kama alivyomshika siku alipompokea duniani, akakaa hivyo. Machozi yalimtoka, hakuyaficha. "Wamekuita jina baya, mwanangu."

"Wameniita."

"Kaa ule. Viazi vimeiva."

Walikuwa bado wanakula, droni ya Mamlaka ikatokea upande wa milimani. Ardhi na maji vilitajwa jukwaani; anga halikutajwa. Ilishuka, ikazunguka juu ya chemchemi, na kivuli chake kikateleza juu ya mvuke. Hakuna aliyepiga kelele. Kila mtu aligeukia kikapu chake, na mazungumzo yote yakafungwa kwa pamoja, wazee, walevi, watoto.

Mjukuu wa jirani, msichana mdogo aliyekuwa akiletwa chemchemini kwa mara ya kwanza, alikuwa amelala kifudifudi ukingoni akitazama maji. Alishtuka, akamvuta Sikudhani upindo, akasema kwa sauti ya chini.

"Bibi! Anawala! Yule samaki anawala watoto wake!"

Ugonjwa wa zamani ukamwamka Sikudhani, ukampanda kifuani kwa furaha kama mtu aliyeitwa jina lake. Aliinama mpaka mdomo wake ukagusa sikio la mtoto.

"Hawali," alimnong'oneza. "Kivuli kikishapita, utaona."